Ruhusa ya kushusha bunduki

Swali, nimelifupisha:

“Shikamoo mwalimu. Nauza nguo soko la Mbuyuni, Moshi, na nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 20. Alimaliza kidato cha sita, akaenda JKT, akarudi Septemba. Kule alikuwa wa kwanza kwa shabaha kwenye kombania yao, na afande wake alimwambia ana mkono wa jiwe. Hapa nyumbani anawaka kama petroli. Juzi mdogo wake wa kidato cha pili alichukua chaja bila kuomba, yeye akabamiza simu ukutani, tena simu yake mwenyewe. Ni mara ya tatu, na zote ni jioni, akishamaliza kuangalia kama majibu ya mkopo wa chuo yametoka. Majirani wanasema kambi imemharibu. Kwenye semina ya kikoba chetu tuliambiwa habari za akili ya hisia, na kwamba michezo ya utulivu kama kulenga shabaha inaijenga. Mbona kwa mwanangu haikujenga? Na je, nimtafutie mahali aendelee kulenga?” Mama wa Majengo, Moshi.

Jibu:

Marahaba, mama. Pole sana. Barua yako ni ndefu kuliko nilivyoinakili hapo juu, na nimeisoma yote mara mbili.

Nianze na la majirani. Katika yote uliyoandika sioni kijana aliyeharibiwa. Naona kijana aliyefundishwa jambo la thamani mahali pamoja, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kulibeba mpaka sebuleni kwenu. Nalijua hilo kwa sababu kwa miaka 22 nilikuwa mwalimu wa shabaha wa askari wa wanyamapori, kabla sijastaafu na kuingia kwenye unasihi hapa Arusha. Nimewaona vijana wa mkono wa jiwe ambao wake zao walikuwa wakija kwangu wanalia. Mmoja wa wanaume wa namna hiyo nilikuwa mimi, nitalifikia.

Kwanza tuelewane huo utulivu wa shabaha ni kitu gani, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Ukimtazama mlengaji kwa mbali utadhani ni sanamu. Msogelee. Moyo unadunda, damu inasukuma, msuli wa mkono unachoka, na kile kilengeo cha mbele, kile kichuma cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, kinacheza juu ya shabaha bila kukoma. Kinacheza kwa kuruta, kinacheza kwa bingwa wa dunia. Wanachozidiana ni kiasi tu. Kwenye Olimpiki, shindano la bunduki ya upepo la mita 10, nukta ya alama 10 ina upana wa nusu milimita. Mbegu ya mchicha ni kubwa kuliko hiyo. Mlengaji anapewa dakika 75 apige risasi 60, akiwa amesimama, na moyo wake haumpi likizo hata sekunde moja.

Kuruta akiona kilengeo kinacheza hushikwa na hofu. Anasubiri kipite katikati ya shabaha, na kikipita tu anakwapua triga ili asiikose nafasi. Bunduki yote inayumba, risasi inakwenda kulima mchanga. Tulikuwa tukiwaambia: acha icheze, wewe bana triga taratibu, mlio ukushtue hata wewe mwenyewe. Wengi waliona ni maneno ya ajabu. Mtu apige bila kujua sekunde atakayopiga? Ndiyo. Anayekubali kwamba mkono utatikisika hupiga vizuri kuliko anayegombana nao.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walipoandika kuhusu akili ya hisia mwaka 1990, waliieleza kuwa ni uwezo wa kufuatilia hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo yako. Angalia hapo, mama, hakuna mahali panaposema mtu asiwe na hisia. Kumwambia mwanao “usikasirike” ni sawa na kumwambia kuruta “usitikisike”. Hawezi, na utamfanya akwapue.

Mchezo wenyewe unalijua hili. Kuna dawa zinazopunguza kasi ya moyo, wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa presha, ambazo ni marufuku kwa walengaji. Mwaka 2008 kule Beijing, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang’anywa medali zake mbili baada ya kukutwa na propranolol mwilini. Hospitalini kidonge hicho ni msaada. Kwenye shabaha ni udanganyifu, kwa sababu kulenga huku moyo unadunda ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nifike kwenye kiini. Katika yote niliyofundisha, gumu zaidi kuingia vichwani mwa vijana lilikuwa ni kutopiga.

Mlengaji anavuta pumzi, anaitoa, na mwisho wa kuitoa pana kituo kidogo kabla mwili haujadai nyingine. Hapo mwili hutulia, na hapo ndipo triga inabanwa. Kituo hicho ni cha sekunde chache. Ukikivuta mpaka sekunde 10 na zaidi, macho yanaanza kufifia, mkono unatetemeka zaidi, na kichwani inakuja sauti: piga, piga, usipopiga sasa umekosa. Sauti hiyo ni ya uongo. Mlengaji mzuri akiisikia anatoa kidole kwenye triga, anashusha bunduki, anapumua mara mbili tatu, kisha anainua upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna anayemcheka wala anayemuuliza kwa nini.

Nilifundisha hivyo miaka mingi. Jioni moja, mwanangu wa pili akiwa darasa la sita, nikafungua daftari lake la hesabu, nikakuta limejaa makosa, nikaanza kufoka. Yeye alinyamaza, mimi nikaongeza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Akasema kwa sauti ya chini: “Baba Neema, kule uwanjani unawaambia vijana washushe bunduki. Hapa mbona hushushi?” Sikuwa na jibu. Nilitoka, nikakaa kwenye tofali karibu na banda la kuku mpaka giza likaingia. Ujuzi wote nilikuwa nao, na kila siku nilikuwa nauacha ghalani pamoja na silaha.

Sababu niliielewa baadaye. Uwanja wa shabaha umepangwa ukusaidie. Kuna ukimya, kuna amri zinazoeleweka, unajua shabaha yako ni ipi, na ukishusha unaonekana mtu makini. Nyumbani hakuna hata kimoja cha hivyo. Tena kwetu, kijana akimwacha mama yake anaongea akatoka nje, ni utovu wa adabu. Akinyamaza, ana jeuri. Akijibu, jeuri imezidi. Mwanao hana mahali pa kushushia bunduki yake, mama. Hiyo ndiyo tofauti ya kule na huku, na hiyo ndiyo sababu utulivu wa kule haukumfuata.

Kuna jambo lingine kwenye barua yako lililonigusa, nalo linanikumbusha kisa cha Matthew Emmons. Huyu ni mlengaji wa Marekani. Athens mwaka 2004, fainali ya bunduki ya mita 50 ya mikao mitatu, alikuwa anaongoza akibakiwa na risasi moja. Alihitaji alama 7.2 tu apate dhahabu, na kwa mtu wa kiwango chake hiyo ni kazi ya kila siku. Akapiga. Ubao wake haukuonyesha kitu. Akawageukia waamuzi, akidhani mitambo imekwama. Risasi ilikuwa imetua kwenye shabaha namba 3, na yake ilikuwa namba 2. Akapewa sifuri, akaanguka mpaka nafasi ya nane.

Alivyoeleza mwenyewe, kawaida yake ilikuwa kutazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, kisha kushuka mpaka katikati. Mara hiyo hakuitazama. Alikuwa ameelekeza nguvu zote kwenye kujituliza. Kisa hiki nimekifundisha mara nyingi kwa sababu kinanitisha. Kujituliza alijituliza, na risasi ilikuwa ya kutosha kumpa dhahabu, ila ilikwenda kwenye shabaha ya jirani.

Sasa rudi kwenye yale matukio matatu uliyoniandikia. La kwanza, mdogo wake wa mwisho alimwaga chai. La pili, wewe ulimuuliza kama amefagia uwanja. La tatu, chaja. Kila mara ni jioni, kila mara ametoka kuangalia mkopo na hajaona kitu. Mtoto wa kiume wa kwanza, mama anayemlea anauza nguo Mbuyuni, vyuo vinafunguliwa, na jina lake halijatoka. Huyo haigombei chaja. Anaogopa, na kila jioni anapiga shabaha ya jirani.

Uwanjani tulikuwa na kanuni: usirekebishe kilengeo kwa tundu moja. Risasi moja huweza kwenda popote, ni upepo, ni mbu, ni bahati mbaya. Piga tatu au tano, halafu soma kundi. Matundu yakitawanyika karatasi nzima, shida ni mkono. Yakikusanyika pamoja lakini mbali na katikati, mkono hauna tatizo, rekebisha kilengeo. Mwanao matundu yake yamekusanyika mahali pamoja. Kwa mzazi hiyo ni habari ya kutia moyo sana, ingawa najua ukiwa umeshika vipande vya simu huwezi kuiona hivyo.

Utaniuliza, basi nimwambie “wewe unaogopa”? Usimwambie. Nitakueleza tulivyokuwa tukifanya.

Kijana mmoja niliyemfundisha risasi zake zilikuwa zinaanguka chini kila mara. Nilimweleza kwamba anaogopa kishindo, kwamba kabla ya mlio anajikunja kujihami na lile teke la bunduki begani. Alikataa. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, amekulia porini, aogope nini? Sikubishana naye. Nilichukua magazini yake, nikachanganya risasi za kweli na mbili za bandia zisizolipuka, bila yeye kujua zimekaa wapi. Akalala, akalenga. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu: tik. Hakukuwa na mlio wala teke, na bado mtutu uliinama ghafla kama kuku anayedonoa. Watu wote tuliona, lakini aliyeona vizuri zaidi ni yeye. Alibaki amelala pale, shavu kwenye kitako cha bunduki, akiutazama mtutu. Kisha akasema polepole, “Kumbe.” Sikuongeza neno. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anapiga vizuri.

Hofu ya mtu huonekana vizuri kelele zikiondoka. Kwenye ugomvi wa chaja, wewe na yeye hamwezi kuona chochote. Tafuta saa isiyo na mlio: asubuhi, mnapokunywa chai, au siku akikusindikiza kubeba marobota. Muulize kuhusu mkopo tu, kama jambo la mkopo. Usiitaje simu. Mweleze na wewe una wasiwasi gani, kwa sababu nina hakika unao, na watoto wetu hudhani mama haogopi kitu. Mkipanga pamoja mtafanya nini mkopo usipotoka, au ukitoka nusu, utakuwa umegusa shabaha namba 2.

Lingine ambalo tayari analo ni lile la kutaja tundu. Kabla ya kwenda kutazama karatasi, tulimtaka mlengaji aseme mwenyewe risasi imekwenda wapi: “saba, chini kushoto.” Mwanzoni wote wanasema “nimepata” au “nimekosa” basi. Kadiri siku zinavyokwenda wanaanza kujisikia, na anayeweza kutaja risasi yake bila kuiona ameshaanza kuwa mwalimu wake mwenyewe. Kwenye hisia ni vivyo hivyo. “Nimekasirika” ni sawa na “nimekosa”, haisaidii kurekebisha. Kiswahili kimetupa zaidi ya hapo. Kuna hamaki, inayolipuka na kuzimika. Kuna kinyongo, kinachokaa miezi. Kuna uchungu, kuna fedheha, kuna wasiwasi, kuna unyonge wa kuona wenzako wanapiga hatua wewe umekaa. Siku akikuambia “mama, naona fedheha wenzangu wameshapata vyuo”, ujue ametaja tundu lake sawasawa.

Na sasa lile la kushusha. Zungumzeni nyumba nzima, siku ya amani, mkubaliane neno moja. Nyumbani kwangu tunasema “nashusha”. Anayelisema anaruhusiwa kutoka nje hapo hapo, hata kama mzazi alikuwa katikati ya sentensi, na hakuna atakayemfuata wala kumwita jeuri. Sharti ni moja: arudi. Mlengaji anayeshusha haondoki kwenye mstari, anashusha ili ainue tena. Nusu saa, saa moja, halafu anarudi na jambo linaongelewa. Anayetoka na kurudi saa sita usiku akijifanya hakuna kilichotokea, huyo amekimbia, na hilo mlikubaliane pia.

Neno hilo liwe na la kwako. Hapa wazazi wengi hunigomea. Wanataka mtoto ashushe na wao waendelee kupiga. Kijana wako ametoka mahali ambapo hata afande husimamisha upigaji akiona hatari. Akikuona wewe, mama yake, unasema “nashusha” na kwenda kukaa barazani, ataamini kwamba jambo hili ni la watu wazima. Mimi nililitumia kwa mara ya kwanza mbele ya mwanangu yule yule wa daftari. Kinywa kilikuwa kizito. Siku tatu baadaye alilitumia yeye.

Kuhusu kumtafutia mahali pa kulenga: usihangaike. Silaha ya moto ina leseni na utaratibu wake chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, ina gharama, na kwa vyovyote sitaki bunduki iingie kwenye nyumba ambayo simu zinagonga ukuta. Neno likitoka halirudi, lakini angalau unaweza kuliombea radhi; risasi haiombewi. Kama mkono wake unaukumbuka ule utulivu, atengeneze manati. Kule kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwa bibi yake, aning’inize kopo kwenye mti, hatua 15, nyuma yake pawe na kichuguu au ngema ya udongo, pasiwe na njia ya watu, na ndege awaache. Avute, atoe pumzi, alenge. Akisikia ile sauti ya “piga, piga”, alegeze mpira aanze upya. Akilegeza mara kumi na kupiga mara tatu, jioni hiyo amefanya mazoezi mazuri. Kama kihamba kiko mbali, achukue mpini wa ufagio, aunyooshe kama bunduki, sarafu ya shilingi 200 imekaa karibu na ncha, aishikilie kwa pumzi moja isianguke. Ni zoezi la kizamani na bado linafanya kazi.

Niseme pia wazi mahali ambapo barua yangu inaishia. Kama ataanza kumpiga mdogo wake au kukutisha wewe, kama halali usiku, au kama anazungumza kana kwamba maisha hayana maana, usisubiri neno la kushusha. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au hospitali, ueleze kila kitu. Hayo yanahitaji mtu wa kumwona uso kwa uso, na kwenda mapema si aibu kwa familia.

Emmons nilimwacha Athens, na sitaki umkumbuke pale tu. Baada ya kosa lile, mlengaji wa Jamhuri ya Cheki, Kateřina Kůrková, alimfuata kumpa pole. Alimwona mwenzake ameumia, akamwendea. Walioana mwaka 2007. Beijing mwaka 2008 Kateřina alishinda dhahabu ya kwanza ya michezo yote ile, na mumewe, katika fainali ile ile ya mikao mitatu, akaongoza tena mpaka risasi ya mwisho, akapata alama 4.4 na kuanguka nafasi ya nne. Mara ya pili, dunia nzima ikitazama. Alirudi London mwaka 2012 akachukua shaba. Msimulie mwanao jina la mkopo likichelewa tena. Vijana waliowahi kushika bunduki huelewa kisa hiki haraka kuliko sisi.

Na huyo binti wa kidato cha pili aombe chaja kabla ya kuchukua. Hilo ni haki ya kaka yake. Wiki hii mwombe kaka mtu amfundishe lile zoezi la mpini na sarafu, pumzi na kushusha, kama alivyofundishwa na afande. Wakianza, wewe endelea kumenya ndizi zako jikoni, usiwachungulie.